Tanuri Nyuma ya Makomeo

Kabla mfungwa hajawa mwokaji wa biskuti alikuwa mlaji wake, na kwa karne nyingi alizila bila ya hiari. Katika bahari ya Mediterania, ambako dola za Venezia, Genoa na Uturuki zilishindana kwa merikebu za makasia, chakula cha safari kilikuwa mkate wa ngano uliookwa mara mbili, ukakauka hata ukawa hauoti kuvu upesi, na ukaweza kukaa ghalani miezi mingi ukingojea vita. Venezia ilijenga matanuri ya serikali karibu na karakana yake kuu ya merikebu, na mikate hiyo mikavu ikahesabiwa kuwa zana ya vita sawa na baruti na matanga. Mwaka 1545, watu huru waliokubali kuvuta makasia kwa ujira walipokuwa hawatoshi, nahodha Cristoforo da Canal alikabidhiwa merikebu ya kwanza ya dola hiyo iliyosukumwa na wahalifu waliotiwa minyororo, na tangu hapo hukumu ya makasia ikawa adhabu ya kawaida katika mahakama zake. Aliyehukumiwa miaka michache aliweza kubaki katika ubao wake baada ya muda kwisha, kwa kuwa gharama za nguo na riziki aliyopewa zilikuwa zimeandikwa juu yake, na deni hilo halikuwa na malipo ila kasia. Basi mfungwa aliila biskuti, akaifanyia kazi, kisha akadaiwa bei yake.

Mkondo huo wa adhabu na biskuti ulifika hata pwani yetu. Merikebu za Wareno zilizozunguka Rasi ya Tumaini Jema zilisheheni biskuti zilizookwa katika matanuri ya mfalme huko Vale do Zebro, ng'ambo ya mto Tagus unaopita Lisbon, na pamoja na biskuti hizo zilichukua watu wenye hukumu, waliosamehewa adhabu zao kwa sharti la kuachwa katika nchi za ugenini wapeleleze habari. Pedro Álvares Cabral alipotia nanga Malindi mwaka 1500 aliwaacha huko wawili wa namna hiyo, Luís de Moura na João Machado, wakaamriwa waitafute kwa njia ya bara nchi ya yule mfalme Mkristo ambaye Ulaya ilimjua kwa jina la Prester John. Machado hakufika Uhabeshi. Aliishia Bara Hindi katika utumishi wa sultani wa Bijapur, kisha akawarudia Wareno wenzake huko Goa. Wakuu wa zama hizo hawakujisumbua kuuliza kama mtu wa jinsi hii ametubu au hakutubu, wala kama atakuwa mwema siku moja. Walimwona kuwa nguvu iliyo tayari, na nguvu ni ya kutumiwa mpaka iishe.

Fikra ya kwamba kazi yaweza kumtengeneza mhalifu, wala si kumtumia tu, ilipata nyumba yake mashuhuri ya awali katika mji wa Amsterdam. Dirck Volckertszoon Coornhert, mwandishi ambaye mwenyewe alikuwa ameonja kifungo, alitoa mwaka 1587 risala iliyoshauri kwamba walaghai na wazururaji watiwe kazini badala ya kupigwa mijeledi na kuachwa waende zao. Na mwaka 1596 mji ule ukafungua nyumba iliyoitwa Rasphuis, katika jengo lililokuwa hapo kwanza makazi ya watawa wa Mtakatifu Klara. Humo wanaume walikwangua magogo mekundu ya mti wa Brazili ili upatikane unga wa rangi ya kutilia nguo, na mwaka uliofuata wanawake wakapewa nyumba yao, Spinhuis, ambamo walisokota nyuzi. Rangi ile ilikuwa bidhaa ya kweli yenye wanunuzi wa kweli. Lakini mji uliipa Rasphuis haki ya kuifanya peke yake, na haki hiyo ikalindwa hata vinu vya upepo vilipoweza kusaga magogo yaleyale kwa gharama ndogo zaidi. Mfungwa akaachwa akiutumikia ufundi ambao nje ya ukuta haukuwa na nafasi kwake, na siku ya kutoka alitoka na mikono iliyozoea kazi isiyokuwapo mjini.

Huko Roma, Papa Klementi wa 11 aliamuru mwaka 1703 ijengwe nyumba ya kuwarudi vijana katika majengo makubwa ya San Michele, kando ya mto Tiber, na msanifu Carlo Fontana akaipanga kwa vyumba 60 vilivyotazama ukumbi mmoja, ambamo vijana walifanya kazi ya nyuzi mchana kwa kunyamaza na kulala peke yao usiku. Katika jiwe la ukumbi ule yaliandikwa kwa Kilatini maneno ambayo maana yake ni kwamba kuwazuia waovu kwa adhabu ni jambo dogo, isipokuwa mtu awafanye wema kwa malezi. Mwingereza John Howard, ambaye kitabu chake cha mwaka 1777 juu ya hali ya magereza kilisomwa na watawala wengi wa Ulaya, aliyapenda maneno hayo akayatangaza. Waama yalikuwa maneno mazuri. Udhaifu wake ni kwamba yaliandikwa na wenye funguo kwa ajili ya wasiokuwa nazo, na kijana aliyesokota nyuzi chini yake hakuulizwa kama ujira wake ni wa nani.

Haikuchukua miaka mingi fikra hiyo njema ikapinduliwa katika nchi ya Howard mwenyewe. Mwaka 1818 mhandisi William Cubitt alibuni gurudumu la kukanyaga, ngazi ya duara isiyo na kilele, ambayo wafungwa waliipanda saa nyingi kwa siku wakiwa wameshika upau mbele yao; na ijapokuwa mengine yaliunganishwa na mawe ya kusagia au pampu za maji, mengi yalizunguka bure, yakisaga upepo. Baadaye ukaongezwa mkono wa chuma wa kuzungusha ndani ya kasha, ambao mfungwa aliuzungusha maelfu ya mara kwa siku ili apewe chakula chake, na askari wa zamu alikuwa na skurubu ya kuukaza akitaka uwe mzito. Kazi ilikuwa imetengwa na tunda lake kwa makusudi kabisa, kwa hoja ya kwamba kazi yenye faida huleta furaha, na furaha haifai kuwamo gerezani. Sheria ya mwaka 1898 iliyaondoa magurudumu hayo, lakini jina la hukumu lilibaki na likasafiri na dola. Mahakimu wa Kiingereza walilitamka pia katika pwani yetu, na Ngome ya Yesu ya Mombasa, iliyogeuzwa gereza mwaka 1895 na kubaki hivyo hata 1958, iliwapokea watu waliosomewa kifungo na kazi ngumu, ambamo neno la mwisho lilikuwa na uzito kuliko yote.

Wakati kaskazini ya Ulaya ikitafakari namna ya kuifanya kazi isiwe na ladha, kusini yake kulikuwa na watu wengine waliofungiwa ndani ya kuta, ambao kazi yao ilikuwa ladha tupu. Waarabu walioingia Sisilia mwaka 827, wakautwaa Palermo mwaka 831 na Siracusa mwaka 878, walipeleka huko kilimo cha miwa na miti ya malimau na machungwa. Na sukari ilipokutana na lozi za kisiwa hicho, zikatwangwa pamoja na kufinyangwa, pakazaliwa ufundi wa vitu vitamu uliodumu baada ya utawala wao kwisha. Ufundi huo ulitunzwa na watawa wa kike. Katika nyumba ya Martorana mjini Palermo, iliyoanzishwa mwaka 1194, na katika nyinginezo nyingi zilizofuata, mabibi waliokula kiapo cha kutotoka walitengeneza matunda ya lozi yaliyopakwa rangi hata yakamhadaa mtazamaji, na kuuza kazi yao kwa njia ya pipa la mbao lililozunguka ndani ya ukuta: mnunuzi alitia fedha upande wa nje, pipa likageuka, na sahani ikamjia bila ya yeye kuuona uso wa aliyeifanya. Miongoni mwao wako waliotiwa humo na wazee wao kwa sababu ya mahari au urithi, wala kiapo chao hakikuwa cha hiari kama kilivyosomwa. Hata hivyo mji uliingojea kazi yao kila sikukuu, na haukuwanunulia kwa huruma bali kwa uchu.

Ufalme mpya wa Italia ulipotoa sheria ya mwaka 1866 ya kuvunja jumuiya za watawa na kutwaa mali zao, nyumba hizo ziligawanywa kuwa shule, kambi za askari, ofisi, na zaidi ya moja ikawa gereza. Nyumba ya Regina Coeli huko Roma, si mbali na San Michele ya Papa Klementi, iligeuzwa hivyo mwaka 1881, na mpaka leo Waitalia huliita gereza hilo kwa jina la Malkia wa Mbinguni bila ya kufikiri. Vyumba vilikuwa tayari, kuta zilikuwa ndefu, na milango ilikwisha zoea kufungwa. Kilichobadilika ni kwamba pipa la ukutani lilizibwa: mji haukuwa tena na jambo la kungojea kutoka ndani.

Kulifungua tena pipa hilo ilikuwa kazi ya sheria, na ilichukua zaidi ya nusu karne. Kanuni ya magereza iliyotolewa na serikali ya Mussolini mwaka 1931 iliifanya kazi kuwa wajibu na sehemu ya adhabu yenyewe, pamoja na ibada na mafunzo ya serikali. Lakini serikali hiyo ilifanya kosa ambalo madhalimu hulifanya aghalabu, nalo ni kuwafunga watu wenye kalamu. Hata vita vilipokwisha, baraza lililotunga katiba mpya lilikuwa na wajumbe wengi walioyajua magereza kwa ndani. Rais wake, Umberto Terracini, alikuwa amehukumiwa mwaka 1928 kifungo cha zaidi ya miaka 22. Katiba iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1948 ilisema katika kifungu chake cha 27 kwamba adhabu haziwezi kuwa kinyume cha ubinadamu, na kwamba sharti zielekee kumlea upya aliyehukumiwa. Mwaka uliofuata mwanasheria Piero Calamandrei alitoa toleo zima la jarida lake, Il Ponte, juu ya magereza, akawaandikisha humo watu kama Vittorio Foa na Ernesto Rossi waseme yale waliyoyaona. Kwa kuwa, kwa maoni yake, jambo hili halihukumiwi na mtu asiyelishuhudia kwa macho.

Maneno ya katiba yalikaa miaka 27 kabla ya kupata mikono. Sheria ya tarehe 26 Julai 1975 ndiyo iliyotamka kwamba kazi ya mfungwa haiwi adhabu juu ya adhabu, kwamba hulipwa, na kwamba malipo yake hayatapungua theluthi mbili za ujira uliokubaliwa kwa mtu huru wa kazi ileile. Iliruhusu yakatwe humo malipo ya fidia na gharama za kumtunza, lakini ikamhifadhia mwenyewe sehemu tatu kwa tano zisizoguswa na mdai. Msomaji akumbuke mvuta kasia wa Venezia aliyedaiwa bei ya chakula chake, aone umbali uliopitwa.

Hatua iliyofuata ilitoka mahali ambapo watu wa magereza hawakupatazamia, yaani hospitali ya wagonjwa wa akili ya Trieste. Huko, mwanzoni mwa miaka ya 1970, daktari Franco Basaglia aliona kwamba wagonjwa waliosafisha wodi na kufua nguo kwa jina la tiba walikuwa wanafanya kazi bure, akawasaidia waunde chama cha ushirika na kulipwa kama wafanyakazi wengine. Mfano huo ulienea mpaka ukawa sheria mwaka 1991, iliyovitambua vyama vya ushirika ambavyo angalau asilimia 30 ya watendakazi wake ni watu walio katika dhiki. Na mwaka 2000, kwa juhudi za seneta Carlo Smuraglia, mwalimu wa sheria za kazi aliyewahi kupigana na Mafashisti ujanani, sheria nyingine ikavihesabu humo vyama vinavyowaajiri wafungwa ndani ya kuta na kuwapa nafuu ya kodi waajiri wao. Sheria hizo mbili, moja juu ya nyingine, ndizo zilizoleta tanuri gerezani.

Na kwa nini tanuri, wala si cherehani au randa peke yake? Sababu moja ni ya kimila. Mfungwa wa Kiitalia huruhusiwa kuwa na jiko dogo la gesi chumbani mwake, na kwa muda mrefu watu waliokaa ndani wamekuwa wakioka keki kwa matanuri waliyoyabuni kwa viti na karatasi za bati, ili siku ya kuzaliwa ya mwenzao isipite kikavu. Ufundi ulikuwamo kabla ya waalimu kufika. Sababu nyingine ni ya kibiashara. Biskuti ya siagi, unga na sukari hukaa, hupakiwa, husafiri, na haidai mashine ya thamani kubwa. Lakini huwezi kuidanganya. Siagi ikipata joto kabla ya wakati wake, kinyunga hulegea na biskuti hutandaa. Mizani ikikosewa kidogo, sinia zima huharibika, na hakuna hoja wala kisingizio kitakacholirudisha. Kisu kilichohesabiwa asubuhi huhesabiwa tena jioni, kanuni za usafi ni zilezile za mwokaji wa mjini, na mkaguzi wa afya hapunguzi sharti kwa kuwa mlango una makomeo.

Mjini Siracusa, chama cha ushirika kiitwacho L'Arcolaio kiliingiza karakana katika gereza la Cavadonna, kikauza biskuti na vitamu vya lozi kwa jina la Dolci Evasioni, ambalo ni mzaha juu ya watu kutoroka kwa utamu. Na lozi zinazosagwa humo ni za kisiwa kilekile walichokitia sukari Waarabu na kukihifadhia ufundi watawa. Palermo, katika gereza la vijana la Malaspina, kazi iitwayo Cotti in Fragranza ilianza mwaka 2016, na miongoni mwa biskuti zake za mwanzo zilikuwamo za chenza. Verbania, kando ya ziwa Maggiore kaskazini, wafungwa waliunda jina la Banda Biscotti, wakijicheka wenyewe kwa kujiita genge. Padova, katika gereza la Due Palazzi, waokaji walianza mwaka 2005, na mkate wao mtamu wa Krismasi, panettone, umepata sifa miongoni mwa waokaji wa nchi nzima. Mkate huo hauumuki kwa hamira ya dukani bali kwa chachu inayolishwa unga na maji kila siku, na kutoka kukandwa mpaka kupoa hupita siku kadhaa. Mtu ambaye maisha yake yalivunjwa na haraka ya saa moja hulazimika kuishi kwa mwendo wa kitu kisichoharakishwa.

Haifai lakini kuisifu kazi hii kwa kipimo kisicho chake. Wengi wa wafungwa wa Italia wanaofanya kazi hawaoki kitu. Hufagia korido, hugawa chakula, huandika maombi ya wenzao, kwa zamu fupi na malipo madogo, na wakitoka hakuna anayetafuta mgawa chakula wa gerezani. Nafasi za karakana ni chache, na mfundishaji aweza kumwandaa mtu miezi mingi, kisha amri ya uhamisho ikamchukua kwenda gereza jingine lisilo na tanuri. Yuko pia mwenye duka mdogo anayelalamika kwamba mshindani wake amepewa nafuu ya kodi, na yuko aliyedhulumiwa, ambaye haki yake haikulipwa kwa biskuti yoyote. Malalamiko haya si ya upuuzi. La kwanza hujibiwa na sheria inayodai ujira wa kweli, kwa kuwa kazi ya bure ndiyo iharibuyo soko la wengine; la pili halijibiwi kikamilifu na mtu yeyote, ila kwamba mhalifu asiye na ujira hana hata senti ya fidia.

Hatari iliyo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, hutoka kwa marafiki. Mnunuzi anayechukua pakiti kwa kuwa imetoka gerezani hununua mara moja, hufurahia wema wake, kisha husahau. Na biashara inayoishi kwa huruma humrudishia mfungwa hali ileile ya kuwa mtu wa kuhurumiwa. Waokaji wa Padova na Siracusa walilijua hilo, ndiyo sababu walishughulika na lozi na siagi kabla ya kushughulika na masimulizi. Mtu aliyeishi miaka mingi akipewa au akinyimwa kwa amri hujifunza jambo jipya pindi kazi yake inapokataliwa na mtu asiye na mamlaka juu yake, kwa sababu tu haikuwa nzuri, na inapokubaliwa kesho yake kwa sababu imekuwa nzuri. Hukumu ya namna hiyo hakimu hawezi kuitoa, wala bwana jela.

Kwa mizani hii yafaa kupima hata magereza ya kwetu, ambayo hayajakosa karakana: viatu vya ngozi vya Karanga huko Moshi na samani za wafungwa wa Kenya zinajulikana na wanunuzi wengi. Swali la kwanza ni ujira wa mkono ulioshona na kuranda ni wa nani. La pili ni kama nje ya ukuta kuna fundi atakayempokea mtu yule na ufundi wake, au kama atakuwa kama wale wakwanguaji wa Amsterdam, mabingwa wa kazi isiyo na mlango wa pili. Gurudumu la Cubitt liliwachosha watu miaka 80 na halikumfundisha hata mmoja. Si kwa kuwa lilikuwa zito, maana kukanda unga usiku kucha nako ni kuzito, bali kwa kuwa hakuna aliyekuwa akilingoja tunda lake. Serikali inayotaka mfungwa arudi kwa watu akiwa mtu, haina budi kuanza kwa kumpa kazi ambayo watu wanaihitaji, na kumlipa.